Hewa ya Usiku Kamere

Barabara ya Moi South Lake ikishaacha Karagita na Kwa Muhia nyuma, inakufikisha Kamere: nyumba za kupanga zilizosongamana, vibanda vya mboga na samaki, bodaboda zikingoja zamu ya mashambani itoke. Kaskazini kuna Ziwa Naivasha na ufuo wa wavuvi. Pembeni kuna vivungulio vya maua. Kusini, nyuma ya miamba ya Hell's Gate, mvuke wa Olkaria unapanda mchana na usiku. Maisha ya Kamere yanategemea vitu hivyo vitatu: samaki, maua na mvuke. Viwili kati ya hivyo vinahitaji mabomba, mapipa na kemikali.

Nataka kusimulia habari ya eneo hili kwa kufuata swali moja. Nani alipima hatari iliyomo ndani ya mabomba na mapipa hayo, alipima lini, na kipimo chake kiliishia wapi? Jibu langu nalitanguliza: kwa muda mrefu kipimo kiliishia kwenye ua wa seng'enge.

Wachimbaji wa visima vya mvuke walipofika Olkaria mwaka 1956, Kenya ilikuwa bado chini ya amri za hali ya hatari zilizowekwa 1952, na ardhi ya kando ya ziwa ilikuwa mikononi mwa walowezi. Visima viwili vilichimbwa, X-1 na X-2. Cha pili kilishuka zaidi ya mita 900 na kukuta joto lililopita nyuzi 200 za Selsiasi, ila mvuke haukutoka kwa nguvu ya kudumu, na kazi ikaachwa. Sheria ya usalama iliyokuwapo ilikuwa ile ya viwanda iliyoanza kutumika 1951, mtoto wa sheria ya Uingereza. Ilijua kuzungumza juu ya gurudumu lisilofunikwa, mnyororo wa kreni, boila na mlango wa kukimbilia moto unapozuka. Nyuma ya vifungu vya namna hiyo kuna mfanyakazi aliyepoteza mkono katika kiwanda fulani cha Kiingereza. Haikumtaka mtu yeyote akae na mchoro wa mtambo ambao haujajengwa na kujiuliza utaua vipi.

Uchunguzi ulifufuliwa mwaka 1970 kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na safari hii mvuke ulipatikana. Wakati visima vya Olkaria vinachimbwa, Ulaya nayo ilikuwa inajifunza kwa vifo. Jumamosi ya tarehe 1 Juni 1974, kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, kililipuka na kuua watu 28. Mtungi mmoja kati ya sita ulikuwa na ufa. Mafundi wakauondoa na kuunganisha miwili ya jirani yake kwa bomba la muda. Mchoro pekee wa bomba hilo ulikuwa umechorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Kipimo cha nguvu zitakazolisukuma hakikufanywa. Lingekuwa tukio la mwaka 1900 ningeelewa. Lakini huo ulikuwa mwaka wa tano tangu binadamu akanyage mwezini.

Njia ya kuzuia upuuzi wa namna hiyo ilikuwa tayari imeanza kutungwa katika kampuni ya ICI ya hukohuko Uingereza, kuanzia miaka ya 1960. Ni njia rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia, kwa sababu inachosha. Watu wachache wenye ujuzi tofauti wanakaa mezani na mchoro wa mtambo. Wanachukua bomba moja moja na kuliuliza maswali yaleyale: je, kisipopita kitu? Kikipita zaidi ya kiasi? Kikipita pungufu? Kikirudi nyuma? Kikipita kitu kingine badala ya kile kilichokusudiwa? Kila jibu linafuatwa na maswali mengine mawili: nini kitasababisha hali hiyo, na nani atajua kabla mambo hayajaharibika? Wahandisi huiita HAZOP.

Tuyapeleke maswali hayo Olkaria. Kinachotoka kisimani ni mchanganyiko wa mvuke, maji ya moto yenye chumvi na gesi. Kitenganishi kinautoa mvuke upande mmoja na maji upande mwingine. Mvuke unaenda kuzungusha tabo, maji yanarudishwa ardhini. Je, maji yakipita mahali pa mvuke? Matone yanayokwenda kwa kasi ile yanakwangua mapanga ya tabo, kwa hiyo kitenganishi huwekewa mpira unaoelea ambao maji yakipanda unaziba njia. Je, tabo ikisimama ghafla? Kisima hakijui kwamba tabo imesimama, kitaendelea kusukuma. Kwa hiyo lazima pawepo mahali pa kuutolea mvuke nje, vinyamazishi vya kelele, na visahani vyembamba vilivyokusudiwa kupasuka kabla bomba lenyewe halijapasuka. Mtu anayepita Hell's Gate kwa baiskeli akaona mabomba yamepindishwa kama herufi U ardhini anaona jibu la swali jingine: bomba likipata moto litarefuka, urefu huo uende wapi?

Baada ya maswali huja hesabu. Hatari hupimwa kwa mambo mawili yanayozidishwa: ukubwa wa madhara na uwezekano wa kutokea. Tangu 1964 kampuni ya Dow ya Marekani ilikuwa na jedwali lake la kutoa alama kwa kila sehemu ya mtambo kulingana na kinachoweza kuwaka humo, kiasi chake na mgandamizo wake. Hesabu hizi zina udhaifu mmoja usioisha: uwezekano hukadiriwa kwa kuangalia yaliyokwisha kutokea, na mahali ambapo ajali haziandikwi vizuri, sifuri ya kwenye daftari haimaanishi sifuri ya kweli.

Mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981. Wa pili ulifuata 1982, wa tatu 1985, jumla megawati 45. Hell's Gate ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1984, umeme ukiwa tayari unapita juu yake. Sheria ya kutathmini athari kwa mazingira haikuwapo. Ingekuja 1999.

Sasa tufike kwenye gesi, maana hapo ndipo hadithi ya Kamere inapokuwa ya Kamere kweli. Gesi inayotoka na mvuke wa Olkaria kwa sehemu kubwa ni kabonidayoksaidi. Kiasi kidogo ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza inayompokea kila anayekwenda kazini huko. Pua ya binadamu huitambua ikiwa chini kabisa ya sehemu moja kwa milioni ya hewa. Ikifika sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa kunusa kwa dakika chache, na mtu anadhani imeondoka. Ikifika mia kadhaa inamwangusha, na ikiongezeka zaidi anakufa kwa pumzi chache. Halafu ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa kwenye mashimo, mitaro na vyumba vya chini vya valvu. Ndiyo maana wafanyakazi wa visimani huvaa vipimo vidogo kifuani vinavyopiga kelele. Mwenye kuiamini pua yake shimoni anaamini shahidi anayeweza kunyamazishwa na mtuhumiwa.

Kikomo kilichozoeleka kwa mfanyakazi wa jotoardhi ni sehemu 10 kwa milioni kwa zamu ya saa nane. Shirika la Afya Duniani, kwa mtu wa kawaida anayepumua usiku na mchana, lilipendekeza wastani wa mikrogramu 150 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, ambayo ni karibu sehemu 0.1 kwa milioni. Tazama tofauti hiyo: mara mia moja. Sababu yake ina akili. Mfanyakazi ni mtu mzima, mwenye afya, amefundishwa, amevaa kipimo, na saa nane zikiisha anaondoka. Jirani anaweza kuwa mtoto mchanga, bibi mwenye pumu, mama mjamzito. Hana kipimo, na haondoki.

Lakini Kamere mfanyakazi na jirani ni mtu yuleyule. Anamaliza zamu, anapanda gari la kampuni au bodaboda, na kulala kilomita chache kutoka alikokuwa mchana, pamoja na watoto. Vikomo viwili vinakutana katika mapafu ya mtu mmoja, wala hakuna safu ya kumjumlisha katika jedwali la msimamizi wa usalama, ambalo linamjua kwa saa nane tu.

Kinachoamua gesi itafika wapi ni hali ya hewa. Mwaka 1961 mtaalamu wa Kiingereza Frank Pasquill aliyapanga madaraja ya utulivu wa hewa kwa herufi, kutoka A hadi F. Daraja A ni mchana wa jua kali: hewa inavurugika, gesi inasambaa na kupungua nguvu. Daraja F ni usiku mkavu usio na mawingu wala upepo: ardhi imepoa, hewa baridi imelala chini, na kilichotoka bombani kinasafiri mbali kikiwa bado kizito. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ndani ya bonde lililozungukwa na milima, na usiku wake ni baridi. Mtathmini anayepima hewa saa tano asubuhi na kurudi mjini kwa chakula cha mchana amepima saa ambayo haina neno. Kutoa gesi juu ya minara ya kupozea maji, ambako feni na hewa ya joto huipandisha na kuichanganya, ni uamuzi wa mchoro. Haugharimu sana ukifanywa mapema.

Kenya haikukaa ikingoja wageni wapime. Programu ya mafunzo ya jotoardhi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ilianza kazi Iceland mwaka 1979, na Wakenya wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wahitimu wake. Wengi walirudi na kuandika ripoti juu ya hewa, maji na kelele za Olkaria yenyewe. Hazina hiyo inasomwa zaidi na wahandisi wenzao kuliko wakazi wa Kamere, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya hesabu.

Maua yalikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1969 kampuni ya Kidenmaki, DCK, ilianza kilimo chake cha maua nchini na kufika Naivasha. Jina lake bado ni jina la kituo cha matatu. Oserian, jirani mkubwa wa Kamere, iligeukia maua mwaka 1982. Maua huhitaji dawa za wadudu. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, kiwanda cha dawa ya wadudu cha Bhopal, India, kilivujisha karibu tani 40 za gesi ya methili isosayaneti na kuua maelfu. Kiwanda kilikuwa kikitengeneza dawa iitwayo Sevin, na gesi ile haikuwa bidhaa ya kuuzwa. Ilikuwa hatua ya katikati tu, iliyowekwa akiba kwa urahisi wa kazi. Mitambo ya kuipoza ilikuwa imezimwa. Mnara wa kuichoma ulikuwa umefunguliwa kwa matengenezo. Na vibanda vya maskini vilikuwa vimejengwa mpaka kwenye ua wa kiwanda, maana kazi ilipo ndipo watu wanapolala.

Trevor Kletz, mhandisi wa ICI, alikuwa ameshatoa hoja yake miaka michache kabla: njia bora ya kuzuia kemikali isivuje ni kutokuwa nayo. Valvu, kengele na vifuniko vyote vinaweza kushindwa, lakini tani ambayo haipo haina la kushindwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo kubwa kuliko yote katika fani hii, na mfano wake mzuri ninaoujua uko mwendo mfupi kutoka Kamere.

Mwaka 2003 Oserian ilianza kutumia kisima OW-101, ilichokodisha kutoka kampuni ya umeme ya KenGen, kupasha moto vivungulio vya waridi. Maji ya kisima yenyewe hayaingii kwenye maua. Yanapita kwenye kibadilisha joto, yanayapasha maji safi, na maji safi ndiyo yanayozunguka ndani ya mabomba usiku. Kivungulio kikiwa na joto usiku, unyevu hauketi juu ya majani. Unyevu usipoketi, kuvu hawaoti. Kuvu wasipoota, mapipa ya dawa za kuvu yanapungua. Kabonidayoksaidi ya kisima nayo ikapelekwa kwa maua yaliyoihitaji. Mradi uliosukumwa na hesabu ya faida uliondoa hatari zaidi kwa mpiga dawa kuliko maski yoyote ambayo angepewa. Si jambo la kuonea aibu. Usalama unaolipa ndio unaodumu. Katika miaka hiyohiyo, kampuni ya Dudutech, iliyozaliwa ndani ya kampuni ya Homegrown hapohapo Naivasha, ilikuwa ikikuza utitiri wanaokula utitiri wekundu wa waridi, na baadhi ya mashamba yakaacha kufukiza udongo kwa methili bromidi na kutumia mvuke.

Haya hayakuja kwa hisani tupu. Baraza la Maua la Kenya liliundwa 1996 na kuweka kanuni zake, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watetezi wa haki za wafanyakazi walipiga kelele mpaka wanunuzi wa Ulaya wakasikia. Muda wa kungoja kabla ya kuingia kivungulio kilichopigwa dawa, na kumpima damu mpiga dawa ili kuona kama mishipa yake ya fahamu inaathirika, vikawa mambo ya kukaguliwa.

Kipimo cha mashamba ya maua nacho kiliishia kwenye ua. Mapema mwaka 2010 samaki walikufa kwa wingi katika Ziwa Naivasha. Lawama za kwanza ziliangukia dawa za mashambani. Uchunguzi ukataja upungufu wa oksijeni majini. Wavuvi walipoteza riziki na mabishano yakabaki. Ugomvi wa namna hii hauna dawa ukianza siku samaki wanapoelea. Dawa yake ni maji kupimwa mwezi baada ya mwezi kabla ya balaa, na takwimu kubandikwa ufuoni watu wazione.

Sheria ilibadilika mwaka 2007. Sheria ya Usalama na Afya Kazini iliifuta ile yenye asili ya 1951 na kumtaka mwenye mahali pa kazi afanye tathmini ya hatari mwenyewe, aweke hatua za kuzuia, aunde kamati ya usalama akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, na mahali pake pakaguliwe kila mwaka. Kanuni za vitu vya hatari zilitoka mwaka huohuo. Kwa mara ya kwanza sheria ya Kenya ya usalama kazini ilisema wazi kwamba swali linatangulia ajali.

Miaka saba baadaye hesabu ya gesi iliamua watu waishi wapi. Olkaria IV, ya megawati 140, ilizinduliwa Oktoba 2014. Tathmini yake ilikuwa imeonyesha kwamba vijiji vinne vya Wamaasai vingefikiwa na gesi na kelele kupita kiasi: Cultural Centre, OloNongot, OloSinyat na OloMayana Ndogo. Watu wakahamishiwa ardhi iliyoitwa RAPland, ya ekari 1,700. Kwa hesabu ya hewa, uamuzi ulikuwa sahihi. Kwa hesabu ya maisha, haukukamilika: wakazi walilalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokopesha mradi, juu ya barabara, hati za ardhi na kuwekwa mbali na riziki zao, hadi makubaliano ya usuluhishi yakafikiwa 2016. Modeli ya kompyuta ilijua gesi itakwenda wapi. Haikuulizwa ng'ombe watakwenda wapi.

Na sasa kuna amonia. Amonia ndiyo mama wa mbolea za nitrojeni, na umeme wa Olkaria unafaa kuitengeneza bila mafuta. Katika shamba la Morendat, upande wa Naivasha, kampuni ya Talus imeweka mtambo mdogo wa umeme wa jua wa takriban tani moja kwa siku. Mpango mkubwa ulitangazwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, kati ya serikali na kampuni ya Fortescue ya Australia: megawati 300. Kwa kuwa tani moja inahitaji karibu megawati-saa 10, hizo ni mamia ya tani kwa siku. Amonia iliyogandamizwa ikivuja hutoka kama ukungu baridi unaotambaa chini, hasa usiku wa daraja F, na huchoma macho na mapafu.

Siupingi mradi wa mbolea. Mkulima wa Molo na Njoro anaihitaji, na bei ya ng'ambo imemtesa vya kutosha. Nasema tu kwamba mtambo mdogo unaotumia amonia palepale inapotengenezwa ni salama kwa sababu ileile ya Kletz: akiba ni ndogo, na hakuna lori. Mtambo mkubwa unahitaji matangi, na huenda malori. Barabara zetu zimeshatoa ushahidi wao. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea walipokwenda kuchota mafuta ya lori lililoanguka. Karai, Naivasha, tarehe 10 Desemba 2016, lori la kemikali inayowaka lilishindwa kusimama kwenye matuta yasiyo na alama na kuua watu karibu 40. Matuta yale yalijengwa kwa ajili ya usalama.

Ripoti ya tathmini ya mazingira hutangazwa kabla leseni haijatolewa, na sheria inampa mwananchi nafasi ya kutoa maoni. Mkazi wa Kamere, ikitangazwa nyingine, usiende kwenye baraza kuuliza habari za ajira peke yake. Uliza ni tani ngapi zitawekwa akiba na kwa nini zisiwe nusu yake. Uliza hewa ilipimwa saa ngapi za usiku. Uliza ni kikomo kipi kilichotumika kwa nyumba yako, cha saa nane au cha saa ishirini na nne. Uliza king'ora kikilia saa nane usiku, watoto wakimbilie upande gani. Kisha dai majibu yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ofisini kwa chifu.